Tafuta kwa Google na upate: AND, OR, alama ya kutoa na zile zingine, kwa mifano ya huku kwetu Kisumu, Nakuru na Western

Watu wengi huku kwetu wanatafuta vitu kwa intaneti kila siku, fomu za basari, bei ya mbolea, kazi, mitihani ya zamani ya watoto, dawa ya kuku, na wengi wanaandika tu sentensi vile wangeuliza jirani, halafu wanafungua linki ya kwanza, ya pili, ya tatu, data inaisha na kitu chenyewe hakijapatikana. Na kipo. Mara nyingi kipo kabisa, kimefunikwa na matangazo na zile kurasa zinanakiliana, na kuna alama chache tu ukizijua unakivuta mpaka mbele. Hizo ndio nataka tupitie hapa polepole, simu ikiwa mkononi unajaribu kila moja, ju ukisoma tu bila kujaribu haitakaa kichwani.

Hii hesabu si ya jana. George Boole, mwanahesabu Mwingereza aliyekuwa akifundisha Cork huko Ireland, alionyesha mwaka wa 1854 vile fikira kama "hii pamoja na hii", "hii ama ile", "hii bila ile" zinaweza kuandikwa kama hesabu, na kompyuta zinatumia hiyo hesabu mpaka leo. Kwa mambo ya kutafuta inakuwa hivi: AND ni zote lazima ziwepo, OR ni mojawapo inatosha, NOT ni toa hiyo. Mengine yote hapa chini yamesimama juu ya hizo tatu.

Hatua ya kwanza: punguza maneno

Usiandike "nisaidieni nijue mahali naweza kupata mbegu nzuri ya viazi upande wa Nakuru". Andika hivi (shangi ni aina ya viazi):

mbegu viazi shangi Molo

Huna haja ya kuandika AND kwa Google, inajiwekea yenyewe katikati ya maneno. Kazi yako ni kuchagua maneno, na hapa ndio watu wanakwama: chagua maneno ambayo mwenye kuandika huo ukurasa aliyatumia, si maneno ya swali lako. Mtu anayeuza mbegu hataandika "nisaidieni". Ataandika shangi, ataandika gunia, ataandika Molo ama Elburgon. Na kama ni karatasi ya watafiti wa kilimo, itakuwa kwa Kiingereza, kwa hivyo rudia mara ya pili na "shangi certified seed Nakuru" uone tofauti.

Kitu kimoja cha kuangalia: chini ya majibu mengine Google inaandika Missing, halafu neno lako limepigwa mstari. Maana yake huo ukurasa hauna hilo neno, imeamua kukuletea hivyo hivyo. Wengi hawaoni hiyo kialama kidogo, wanafungua ukurasa na kusoma wote wakitafuta kitu ambacho hakimo. Ukiona Missing kwa neno ambalo ni la muhimu, enda hatua ya pili.

Hatua ya pili: funga kwa alama za kunukuu

Ukiweka maneno ndani ya " " unaiambia Google nataka hivi vile nimeandika, kwa huo mpangilio. "Ahero Irrigation Scheme" itakuletea ule mradi wa mpunga wa Ahero, si kila ukurasa wenye Ahero huku na irrigation kule. Inafanya kazi hata kwa neno moja, na hii ni ya maana sana kwetu, ju ukiandika neno la Kiswahili ama la Kijaluo ama la Kiluhya, Google mara nyingi inadhani umekosea spelling ya Kiingereza na inakurekebishia bila kukuuliza. Funga hilo neno, tuseme majina ya mboga kama "mrenda", "osuga", "lisutsa", itakuheshimu. Kama uko kwa kompyuta kuna pia Tools pale juu, halafu All results, halafu Verbatim, hiyo inafunga utafutaji wako wote mara moja.

Matumizi ya pili ni kuchunguza zile meseji zinatumwa kwa magrupu. Umetumiwa tangazo la kazi ama la pesa za vijana na halieleweki, chukua sentensi moja iliyo na maneno yasiyo ya kawaida, kopi, weka ndani ya alama za kunukuu, tafuta. Kama hayo maneno hayo hayo yalitumika miaka mitatu iliyopita na jina la kaunti ingine, utaona mwenyewe bila kungoja mtu akwambie.

Hatua ya tatu: alama ya kutoa

NOT kwa Google ni alama ya kutoa, imeshikana na neno, hakuna nafasi katikati. Ukiacha nafasi haifanyi kazi, hiyo ndio shida ya kwanza ninaona kila mara nikikaa na mtu. Mfano mzuri ni Luanda. Ukitafuta soko la Luanda, ile ya Vihiga kwa barabara ya Kisumu kwenda Busia, unaletewa mji mkuu wa Angola, bandari, hoteli, ndege. Andika:

Luanda market Vihiga -Angola

na dunia inarudi mahali pake.

Lakini hii alama ina makali kuliko watu wanavyofikiria. Chukua Busia. Mji uko mpakani, na kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, kwa hivyo mtu anafikiria ataandika Busia -Uganda amalize. Hapana. Karibu kila ukurasa wa maana kuhusu Busia ya Kenya unataja Uganda mahali fulani, ju huo mpaka ndio uhai wa mji, malori, forodha, soko, vyote, na wewe umezitoa zote kwa mpigo mmoja. Bora ufunge "Busia County", ju upande wa Uganda ni wilaya, si kaunti.

Na wakati mwingine dawa si kutoa, ni kuongeza. Ukitafuta Gor Mahia, yule mganga mkubwa wa hadithi za Wajaluo, unapata mpira tu, ju klabu iliyoanzishwa 1968 ilibeba jina lake na imejaza intaneti. Unaweza kuanza kutoa -FC -mechi -ligi -kocha na bado mpira unaingia kwa dirisha. Ongeza neno moja, kwao alikotoka:

"Gor Mahia" Kanyamwa

na wazee wa hadithi wanakuja mbele. Mimi nikijipata nimeweka alama za kutoa zaidi ya tatu, naacha, najua nimekosa neno moja la kuongeza.

Hatua ya nne: OR, na hapa tukae kidogo

Kama ungechukua kitu kimoja tu kutoka hapa ningetaka iwe hii. OR lazima iwe kwa herufi kubwa zote mbili, ukiandika or ndogo Google inaisoma kama neno tu la kawaida. Kwa simu bonyeza ule mshale wa herufi kubwa mara mbili haraka, utabaki umefungwa. Ama tumia kile kimstari kilichosimama | kinafanya kazi hiyo hiyo.

Sababu naisisitiza ni kwamba sisi huku kitu kimoja kina majina manne matano, na ujuzi wenyewe umetawanyika kwa hayo majina yote. Google inajua tafsiri za Kiingereza na Kifaransa vizuri sana, lakini haiwezi kukuhakikishia kwamba managu, osuga, rinagu, lisutsa na black nightshade ni mboga moja. Wewe unajua. Mama yako anajua. Basi iambie:

managu OR osuga OR rinagu OR lisutsa OR "black nightshade"

Mboga ya saga ni hivyo hivyo, dek, chinsaga, tsisaka, "spider plant". Yale magugu ya kayongo yanayonyonya mahindi shambani, Watanzania wanaita kiduha na watafiti wanaita striga. Ukitafuta kayongo pekee unapata kidogo, ukitafuta striga pekee unapata karatasi za watafiti za dunia nzima na unakosa sauti ya mkulima wa Siaya, ukitafuta zote na OR unapata mkulima na mtafiti kwa meza moja. Samaki nao: mbuta yetu ni sangara Tanzania na ni Nile perch kwa Kiingereza. Omena ni dagaa Tanzania na mukene Uganda. Ziwa ni moja, nchi ni tatu, na utafiti uliofanywa Mwanza kuhusu dagaa ni utafiti kuhusu omena yako.

Majina ya mahali pia yana hii shida, na ni mbaya zaidi kwa vitu vya zamani. Kaunti zilianza kazi 2013. Karatasi nyingi za kabla ya hapo hazijui "Kakamega County", zinajua district na zinajua province, Western yenye makao Kakamega, Nyanza yenye makao Kisumu, Rift Valley yenye makao Nakuru. Mwanafunzi anayeandika historia ya shule ama ya soko la kwao anatafuta jina la kaunti anakosa anasema hakuna kitu kimeandikwa, na kumbe kimeandikwa, kiko chini ya jina la zamani:

"Kakamega County" OR "Kakamega District" OR "Western Province"

Halafu kuna ile ya spelling, hasa majina yenye ng'. Budalang'i wengine wanaandika Budalangi bila kialama, na serikali mara nyingi inaandika Bunyala. Weka zote tatu.

Ukichanganya OR na maneno mengine, weka mabano. Google inashika OR na maneno ya jirani yake kwanza, kwa hivyo mara nyingi inaelewa hata bila mabano, lakini Bing, ile ya kutafuta ya Microsoft, na zile database za maktaba zinahitaji mabano kabisa, na wewe mwenyewe ukirudi kusoma ulichoandika utajua ulimaanisha nini:

(kayongo OR kiduha OR striga) (mahindi OR maize) Siaya

Hatua ya tano: chagua nyumba ya kutafutia

Andika site: na jina la websaiti, hakuna nafasi baada ya nukta mbili. site:kisumu.go.ke inatafuta ndani ya websaiti ya kaunti ya Kisumu peke yake, na mara nyingi inashinda kile kisanduku cha kutafuta kilichoko kwa websaiti yenyewe. Si lazima uandike jina lote. site:go.ke ni serikali yote ya Kenya, site:ac.ke ni vyuo, Maseno, Egerton, Masinde Muliro, wote wako ndani. Hizi mbili hazipewi mtu yeyote tu, go.ke ni ya taasisi za serikali na ac.ke ni ya elimu ya juu, kwa hivyo tangazo la basari ama la kazi ya kaunti ambalo huwezi kulipata kwa go.ke, tulia kwanza kabla ya kutuma kitambulisho chako mahali.

filetype:pdf inaleta zile karatasi zenyewe, fomu, ripoti, bajeti. Ukiunganisha na site: ndio utamu:

bursary form filetype:pdf site:go.ke "Nakuru County"

Kama data ni kidogo, geuza, weka -filetype:pdf, ju ripoti moja ya kaunti inaweza kuwa na kurasa mia tatu na picha, na utaidaunlodi yote kabla ujue haina unachotaka. Unaweza pia kutoa nyumba nzima, -site:facebook.com -site:tiktok.com, kama unataka maandishi na unaletewa video tu. Na intitle: inataka neno liwe kwa kichwa cha ukurasa, intitle:kayongo, nzuri wakati neno linatajwa kila mahali kwa kupita tu.

Tarehe ni rahisi: after: na before:, na mwaka unaanza mbele. Mtu anayetafuta kazi asiwahi kutafuta bila after:, ju matangazo yaliyofungwa zamani hayafutwi. Kwa kitu kilichopita unafunga pande zote mbili:

(Budalangi OR "Budalang'i" OR Bunyala) (mafuriko OR floods) after:2020-01-01 before:2020-12-31

Sasa tujenge moja mpaka mwisho

Tuseme kikundi cha akina mama wa Dunga wanataka kuacha kuanika omena chini mchangani, wanataka zile meza za wavu zilizoinuliwa, na wameomba mtu mwenye simu awatafutie vile zinajengwa. Anaanza na:

omena drying

Zinakuja habari za magazeti na mapishi. Sawa, anajua jina si moja:

(omena OR dagaa OR mukene) drying

Tayari Uganda na Tanzania wameingia, lakini dagaa ni neno pana, Kigoma wanaita dagaa samaki wengine wa Ziwa Tanganyika na pwani pia kuna dagaa wa bahari, kwa hivyo anaongeza ziwa na anaongeza kifaa chenyewe:

(omena OR dagaa OR mukene) drying (rack OR racks) "Lake Victoria"

Hapa majibu yanaanza kunukia. Anataka karatasi yenye vipimo na michoro, si habari:

(omena OR dagaa OR mukene) drying (rack OR racks) "Lake Victoria" filetype:pdf

Halafu anajaribu kwa watafiti wa samaki wa hapa hapa nyumbani, ambao wana kituo Kisumu, anaweka site:kmfri.go.ke na anaondoa yale mengine mengi, ju ukishaingia nyumba ndogo hauhitaji maneno mengi, omena drying inatosha. Na ya mwisho, ambayo naipenda kuliko zote:

dagaa (kukausha OR kuanika) Mwanza site:go.tz

Serikali ya Tanzania inaandika vitu vyake vingi kwa Kiswahili, hata miongozo ya kitaalamu, kwa hivyo kama akina mama wenyewe ndio watasoma, hapo ndio pa kuangalia. Mkulima wa Bungoma ama Njoro anayetafuta mwongozo wa Kiswahili wa maharage, mbuzi, nyuki, chochote, aende go.tz kabla ya kukata tamaa.

Angalia vile tulifanya: kila mara kitu kimoja tu kinabadilika, halafu unatazama. Ukibadilisha vitu vitano mara moja na majibu yakaharibika hutajua ni gani iliharibu.

Kwa wanafunzi wa Maseno, Egerton, MMUST, Kibabii na wengine

Database za maktaba kama PubMed, ya utafiti wa afya, na JSTOR, ya makala za wasomi, si Google. Kule AND, OR na NOT ukiziandika ziwe kwa herufi kubwa, na PubMed inasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hivyo bila mabano unaweza kupata kitu tofauti kabisa na ulichotaka. Ile nyota nayo inabadilika: kwa Google * inasimama mahali pa neno zima usilolijua ndani ya alama za kunukuu, lakini kwa maktaba inashikana na mwanzo wa neno, farm* inaleta farmer, farmers, farming. Hii haisaidii sana kwa Kiswahili ju maneno yetu yanabadilika mbele si nyuma, mkulima, wakulima, kilimo, kwa hivyo kwa Kiswahili rudi kwa OR.

Mahali pengine alama zinafika nusu nusu. DuckDuckGo, ambayo ni ya kutafuta kama Google, alama ya kutoa inapunguza tu, haiondoi kabisa. Gmail inaelewa from:, has:attachment, OR na alama ya kutoa, nzuri sana ukitafuta ile risiti ama barua ya mwaka jana. Kile kisanduku cha WhatsApp, andika neno moja tu la kipekee, usijisumbue na alama.

Ukishapata mstari wako mzuri usiupoteze. Ujitumie kwa WhatsApp, ama uuweke kwa Google Alerts, google.com/alerts, unabandika pale mstari mzima na OR zake na site: zake, unachagua mara moja kwa siku ama mara moja kwa wiki, na kila kitu kipya kikitokea kinakuja kwa imeili. Ya basari na kazi weka mara moja kwa siku, ju zile fomu huwa zinafungwa haraka. Ya utafiti na kilimo, wiki inatosha.